Kutembea Mgongo wa Faulhorn na Rafiki: Mwongozo wa Jumamosi na Jumapili

Ukitoka kwenye milima ya kwetu ukaja ya Alps, kinachokushangaza kwanza ni kwamba hakuna geti. Kilimanjaro huingii bila kulipia hifadhi na bila kiongozi mwenye leseni, na nyuma yenu wanakuja wapagazi, wale tunaowaita wagumu, na mpishi na masufuria yake. Uswisi unashuka kwenye treni, unaona kibao cha njano chenye mshale, unaanza kutembea. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi wala kama una koti. Raha tupu, ila kazi yote ambayo kule hufanywa na kiongozi, yaani kutazama mawingu, kupima mwendo wa aliyechoka na kusema "leo tunaishia hapa", huku mnaifanya nyie wawili. Na marafiki huoneana haya. Mmoja goti linauma, hasemi. Mwingine ameona wingu jeusi, naye hasemi.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa watu wawili na kwa njia moja tu, ile ninayoijua: kutoka Schynige Platte, stesheni ya treni ya mlimani, kupitia kilele cha Faulhorn, hadi First, kituo cha magari ya kebo juu ya kijiji cha Grindelwald. Ni kama kilomita 16, na vibao vinakadiria saa sita hivi za kutembea. Waswisi wengi huimaliza kwa siku moja. Nyie itengenezeni siku mbili, mlale juu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Jambo hili si dogo, kama mtakavyoona.

Kwanza, mchague mgongo unaowafaa wote wawili

Ukisimama mji wa Interlaken, mnakoanzia safari, ukatazama kaskazini ya ziwa Brienz, utaona mgongo mrefu wa kijani uliochongoka kama makali ya kisu. Huo ni Hardergrat, unaokwenda hadi kilele cha Brienzer Rothorn. Picha zake zimejaa kwenye simu za watu, na rafiki yako akizipata atakwambia twende huko. Mkatalie. Ni majani yenye mteremko mkali pande zote mbili, njia mahali pengine ina upana wa mguu, na ikinyesha majani yale huteleza kama sabuni. Watu wamekufa pale.

Uswisi imerahisisha jambo hili kwa rangi. Vibao vingi ni vya njano, lakini alama zilizopakwa kwenye mawe ndizo zinazosema ukweli. Njano tupu ni njia ya kila mtu. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani: kuna mawe, kuna miteremko, inataka buti na mtu asiyeshikwa na kizunguzungu. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wenye uzoefu wa kupanda kwa mikono na wakati mwingine kwa kamba. Njia yetu ni nyeupe-nyekundu-nyeupe. Mkiona buluu, mmepotea.

Kwa urefu, Faulhorn ni mita 2,681. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakumbuka kibanda cha Mandara kwenye mita 2,720, karibu sawa kabisa, tena bado uko msituni, nyani wanakupigia kelele. Alps misitu huishia kiasi cha mita 1,900 au 2,000. Kwa hiyo safari yetu yote iko juu ya mstari wa miti: hakuna kivuli, hakuna pa kujikinga na upepo, na mkojo unahitaji mipango. Kwa afya, urefu huo hausumbui watu wengi.

Tarehe

Julai katikati hadi Septemba. Juni theluji bado imelala upande wa kivuli kabla ya Faulhorn, na treni ya Schynige Platte hufanya kazi msimu wa kiangazi tu, hadi Oktoba. Mimi napenda Septemba kwa sababu radi zimepungua na vyumba vinapatikana.

Wekeni tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba. Mtu aliyeweka tarehe moja atapanda hata mvua ikinyesha, kwa sababu ameshaomba ruhusa kazini.

Makaratasi na simu, haraka haraka

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya Schengen, eneo la nchi zenye viza moja, tangu 2008, hivyo rafiki mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Ufaransa anaingia bila viza nyingine. Abebe pasipoti na kibali chenyewe, si picha yake, maana ukaguzi kwenye treni pale Basel, mji wa mpakani, ni jambo la kawaida na sura zetu huwa hazipitwi.

Kinachowanasa wengi ni simu. Laini za nchi za Umoja wa Ulaya mara nyingi hazihesabu Uswisi kuwa nyumbani, na bili inaweza kukutoa jasho kuliko mlima. Azime data kabla ya mpaka, apakue ramani mapema. Programu ya swisstopo ina ramani za serikali zenye kila njia, na inafanya kazi bila mtandao ukishapakua. MeteoSwiss ni ya hali ya hewa. Hizo mbili zinatosha.

Kulala mna nafasi mbili njiani: nyumba ya Männdlenen, iliyobanwa kwenye pengo la mlima kwenye mita 2,344, na hoteli ya Faulhorn iliyo chini kidogo tu ya kilele, ambayo imekuwa ikipokea wageni tangu miaka ya 1830. Pigeni simu, msitegemee bahati, hasa Jumamosi. Ulizeni mambo matatu. Je, wanapokea kadi au taslimu tu? Chakula cha jioni kimo kwenye bei? Na kama mmoja wenu hali nguruwe, semeni hapo hapo, kwa sababu supu na viazi vya mlimani hupenda kuwa na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na jikoni ya juu huko haina cha kubadilisha saa moja usiku. Sema "bila nyama" ndiyo salama zaidi. Mkiahirisha, pigeni simu kufuta. Kutotokea bila taarifa huko huweza kuleta hofu kwamba mmepotea mlimani.

Kaeni mezani mwandike saa tatu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote, usiruke hii.

Ijumaa jioni, kabla ya kufunga mabegi, chukueni karatasi moja. Andikeni saa tatu, yaani nyakati tatu, ambazo zikifika, hakuna mjadala. Mnaziandika mkiwa mmeshiba na mmekaa, kwa sababu mlimani kila mmoja atakuwa anasubiri mwenzake aseme kwanza.

Saa ya kwanza ni ya kurudi. Kwa mfano: ikifika saa 5 asubuhi na mmoja wetu anachechemea, au mawingu yameanza kusimama kama minara, tunageuka kurudi Schynige Platte, tunapanda treni kushuka, tunakula keki Interlaken. Andikeni pia treni ya mwisho ya kushuka ni saa ngapi.

Saa ya pili ni ya kusimama. Ikifika saa 8 mchana ndiyo kwanza tunaingia Männdlenen, hatuendi mbele. Tunaagiza chai, tunaomba vitanda, tunawapigia Faulhorn kuwaambia. Kipande kinachofuata kiko wazi kabisa, na radi za kiangazi hupenda alasiri.

Saa ya tatu ni ya Jumapili: gari la mwisho la kebo kutoka First. Likiwaacha, mna zaidi ya saa mbili za kushuka kwa miguu hadi Grindelwald, mita 1,100 chini, kwa magoti ambayo tayari yana kesi.

Sasa lile la saa. Mara ya kwanza kwenda na swahiba wangu, nilinakili ratiba na kumtumia ujumbe: "Treni inaondoka 7.25, usichelewe." Mimi nimeshazoea saa za huku, wala sikufikiri. Yeye alikuwa ametoka Dar wiki ile ile. Saa 1 na dakika 25 asubuhi nimesimama Wilderswil, stesheni inakoanzia treni ya Schynige Platte, na mabegi mawili, yeye amelala Interlaken, moyo umetulia, anajua treni ni saa saba mchana. Kosa langu. Tangu hapo naandika hivi: "saa 1.25 asubuhi, kwenye kibao inaandikwa 07:25". Fanyeni vivyo hivyo, hasa kama mmoja anaishi huku na mwingine ni mgeni.

Begi

Kilo saba au nane kwa mtu, pamoja na maji. Hapa hakuna mgumu wa kukubebea, kwa hiyo kila kitu cha "huenda nikakihitaji" kibaki nyumbani, isipokuwa koti la mvua na sweta zito. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kiasi cha nyuzi sita, na kule juu kuna upepo. Jua la Interlaken la kukufanya uvue shati linakuwa kitu kingine kabisa Faulhorn jua likizama.

Buti ziwe zimeshatembelewa. Buti mpya mlimani ni malengelenge kabla ya saa sita. Kateni kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Utalidharau shauri hili hadi Jumapili, wakati wa kushuka, kidole gumba kinapogonga mbele ya kiatu hatua elfu moja mfululizo.

Maji lita mbili kila mtu. Kanda hii ni ya mawe ya chokaa na maji hupotea ardhini. Ziwa Sägistal mtakaloliona chini yenu halina mto unaotoka juu ya ardhi, linavuja kwa chini. Na kijito mtakachokikuta, ng'ombe wamekitangulia.

Chakula cha njiani: mimi nabeba chapati, mayai ya kuchemsha, tende na karanga. Chapati haivunjiki begini kama mkate na haitaki kisu. Ila msiifungue kwenye meza za nyumba ya mlimani. Wanaishi kwa kuuza chakula, na kila kitu kimepandishwa juu kwa gharama. Kaeni nje, mbali kidogo.

Ongezeni fimbo za kutembelea, tochi ya kichwani, mafuta ya jua (ndiyo, hata sisi), shuka jembamba la kujifunika ndani ya mablanketi yao, na taslimu za faranga.

Jumamosi asubuhi

Kutoka Interlaken Ost treni hugawanyika njiani, nusu Grindelwald na nusu Lauterbrunnen, lakini Wilderswil iko kabla ya mgawanyiko, kwa hiyo pandeni behewa lolote. Dakika chache tu mnashuka, mnavuka jukwaa.

Treni ya Schynige Platte ni ya reli yenye meno katikati, iliyofunguliwa 1893. Viti vya mbao, mwendo wa mzee anayetoka msikitini, dakika 50 hivi kupanda kutoka mita 584 hadi 1,967. Watu huilalamikia kwa mwendo wake wa pole pole. Mimi naona ndiyo sehemu inayomtayarisha mgeni: miti inapungua, ukungu unabaki chini, halafu kwenye kona moja vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vinatokea kwa pamoja, na mazungumzo yote ndani ya behewa yanakatika.

Juu kuna bustani ya maua ya milimani karibu na stesheni. Muipitie siku nyingine. Leo nendeni chooni, jazeni maji, muanze kabla ya saa 3.

Kwenye mgongo wenyewe

Mwanzoni mna njia mbili. Ya chini inakata malishoni. Ya juu, kupitia kilele cha Oberberghorn, ndiyo ya mandhari. Shikeni ya juu. Inaongeza muda kidogo, lakini ndipo mnapopata ukingo wenyewe: kushoto ardhi inakatika na ziwa Brienz liko chini zaidi ya mita 1,400, rangi ya feruzi, kulia kuna bonde na ukuta wa theluji, Eiger mita 3,967, Jungfrau 4,158.

Aliye mwepesi atembee nyuma. Watu hufanya kinyume: mwenye pumzi anatangulia, anasubiri kwenye kona, mwenzake akifika tu anaondoka tena. Matokeo yake aliyechoka hapumziki kamwe. Mpole mbele, ndiye anayeweka mwendo, na mkiweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta mwendo ni sahihi. "Pole pole" ya Kilimanjaro inafanya kazi hata huku, ingawa sababu si hewa bali magoti.

Vibao vinaandika muda wa kutembea bila mapumziko. Kikisema saa tatu hadi Männdlenen, jumlishia picha, maji na chapati: saa nne.

Mtakutana na ng'ombe. Tuliokua tunachunga huwa tunajidai, mimi wa kwanza. Lakini hawa hukaa na ndama wao malishoni miezi yote ya kiangazi, na mama mwenye ndama anaweza kukuvamia bila onyo, hasa kama kuna mbwa. Pitieni mbali, msimpige ndama picha, na kila geti la waya mlilolifungua mlifunge. Waya mwembamba una umeme.

Mkishapita chini ya kilele cha Loucherhorn njia inakuwa ya mawe, na hapo ndipo ziwa Sägistal linatokea kushoto chini. Kama kumenyesha usiku, mawe haya ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo za watu huteleza kuliko udongo. Wekeni simu mfukoni. Mnataka picha? Simameni kwanza, pigeni, kisha tembeeni.

Männdlenen: kaeni, kunyweni kitu cha moto, toeni ile karatasi. Msitazamane usoni kuulizana "vipi, twende?" Tazameni saa. Mkiwa ndani ya muda na mbingu ni safi, kuna saa moja na robo au nusu hivi ya kupanda hadi Faulhorn. Mkiwa nje ya muda, mmefika.

Radi ikiwakuta juu, hesabuni tangu mwanga hadi mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, na mkihesabu chini ya 30 mko ndani ya hatari. Ondokeni kileleni na ukingoni, upande wowote ulio salama kushuka, mbali na waya na nguzo za chuma. Mkikosa pa kwenda, chuchumaeni juu ya mabegi, miguu imebanana, na muachane mita kadhaa ili isiwapate wote.

Mtu akiumia: 1414 ni Rega, helikopta za uokoaji Uswisi, na 112 inafanya kazi kwa laini yoyote. Kama hakuna mtandao, ishara ya Alps ni mara sita kwa dakika, kwa filimbi au tochi, kisha dakika moja kimya, kisha tena. Helikopta ikija, mikono miwili juu kama herufi Y ni "ndiyo, tusaidieni". Mkono mmoja juu na mmoja chini ni "hapana". Msiipungie mikono kwa furaha. Na kabla ya safari someni bima zenu kama zinalipia uokoaji, maana si zote.

Usiku

Mnavua buti mlangoni, mnavaa kandambili zao. Msitegemee kuoga. Kwenye chumba cha pamoja magodoro yamepangwa bega kwa bega na mtalala na watu msiowajua, kwa hiyo mabegi yafungwe tayari kabla ya saa 4 usiku, kwa sababu karatasi ya nailoni ikilia gizani utachukiwa na lugha tatu.

Tegeni saa kabla ya mapambazuko. Mkiwa Faulhorn kilele ni dakika chache tu. Vaeni kila mlichobeba, mtoke. Eiger huanza kuwa na rangi ya waridi juu kabisa, kisha inashuka taratibu. Swahiba wangu, ambaye hakunyamaza tangu Wilderswil, alisimama pale nusu saa bila neno, halafu akaniuliza kama kuna chai.

Jumapili

Kushuka hadi First ni saa moja na nusu hivi, lakini mna siku nzima, msikimbie. Njiani liko ziwa Bachalpsee, mita 2,265. Mkifika mapema kabla ya upepo, maji yanaakisi kilele cha Schreckhorn kama kioo. Ikifika saa 5 umati kutoka First umeshafika, na kioo kimevunjika.

Kama goti la mmoja limegoma usiku, si lazima mwende First. Kuna njia ya kushukia Bussalp, ambako kiangazi kuna basi la Grindelwald. Muulizeni mwenye nyumba ratiba wakati wa kifungua kinywa.

Kwenye kushuka, fimbo ziwe ndefu kidogo, hatua fupi, magoti yamelegea. Kazeni kamba za buti juu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele.

First kuna kelele: daraja la chuma lililobandikwa mwambani, watoto, foleni. Nendeni moja kwa moja kwenye magari ya kebo. Grindelwald kuna duka stesheni. Nunueni maji na kitu chenye chumvi, vueni soksi, kisha pigeni hesabu ya nani alilipa nini kabla hamjapanda treni, mkiwa bado mnapendana. Hadi Interlaken Ost ni kama dakika 35. Mmoja wenu abaki macho. Mwenzangu alikuwa anakoroma hata Zweilütschinen, pale treni zinapogawanyika, hatujafika.